Usiache Kitochi kwa Simu Ipitayo

Kibanda cha kuchajisha simu nilichokaa Bwera, wilayani Kasese, hakina jina wala bango. Kina ubao mmoja uliopigiliwa kwenye nguzo, soketi zilizosongamana, betri ya gari chini ya meza na paneli ya sola juu ya bati. Ukileta simu, kijana mwenye kibanda hukata kipande cha plasta ya hospitali, akaandika nambari, akakibandika mgongoni mwa simu. Kipande kingine chenye nambari ileile unakishika wewe. Shilingi 500. Ilikuwa siku ya soko kule Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, kwa hiyo ubao ulikuwa umejaa, na mimi sikuwa na kazi ila kungoja. Nikahesabu: simu 31. Za kupapasa zilikuwa tisa. Zilizosalia zote vitochi, zile simu ndogo zenye vibonye na taa kichwani. Yangu ilikuwa nambari 17, ya kupapasa, na ilikuwa imezima tangu saa nne asubuhi.

Mama mmoja wa makamo akateremka kwa njia ya mlimani, kikapu mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso kama wabebavyo wanawake wa Kikonzo. Akatoa kitochi kilichofungwa raba ya bluu ili mfuniko wa betri usidondoke. Kijana akakipokea kwa vidole viwili.

“Mama, hii nayo ulirithi kwa nyanya? Nunua simu. Dunia imehama.”

“Mwanangu, hizo za kupapasa hapo ubaoni zinakuja mara ngapi?”

“Kila siku, mama. Nyingine mara mbili.”

“Yangu naileta mara moja kwa wiki. Sasa mwenye simu ni nani?”

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaitupia jicho nambari 17. Mama alinieleza baadaye kwamba kitochi chake kina laini mbili, ya Uganda na ya Kongo, maana nusu ya wateja wake wa maharagwe wako Kasindi, ng'ambo ya mto Lhubiriha. Laini mbili, tochi ya kupandia mlima usiku, chaji ya wiki nzima. Hakuna alichokosa ambacho simu yangu ya bei mara kumi ingempa, isipokuwa picha za watu asiowajua.

Waswahili wa pwani wana methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka wako mkuukuu, umechakaa lakini ni wako. Msala ni mzuri, ila unapita, umebebwa na mwenyewe. Hapo makala hii ingeweza kuishia. Kumiliki teknolojia mpya kabisa ni tamaa, mama wa Bwera ameshahukumu, tufunge kesi. Na kwa simu ya dukani, ile inayotoka kila Septemba na kamera moja zaidi ya ya mwaka jana, sina hukumu nyingine. Nakiri hata hivyo kwamba mimi mwenyewe nimebadilisha simu mara tatu katika miaka sita, na hakuna hata moja niliyoiacha kwa sababu imekufa.

Lakini kwenye benchi hilohilo alikuwapo mzee.

Mzee alikuwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ametoka ofisi fulani ambayo sitaitaja, alikokwenda kuchukua fomu. Karani alimwambia fomu hazitolewi tena dirishani: ajaze mtandaoni, achapishe, arudi. Akamwandikia anwani ya tovuti kwa kalamu ya bic. Mzee akanionyesha ile anwani kama mtu anayeonyesha jina la mgonjwa anayemtafuta wodini. “Mwanangu,” akaniuliza, “hii nimpelekee nani?”

Mtaa wa pili kulikuwa na kijana mwenye kompyuta na printa, anayejazia watu fomu kwa shilingi 5,000. Mzee alikuwa na elfu tatu. Tukangoja simu yangu ipate uhai, halafu tukaanza. Jina, kijiji, kata, nambari ya kitambulisho. Kisha ukurasa ukadai baruapepe. Mzee hana. Ukadai nambari ya simu, itumiwe namba ya siri. Mzee hana simu. Anapigiwa kwa jirani, na jirani alikuwa shambani. Tukaweka baruapepe yangu na nambari yangu. Saa moja na nusu tulikaa pale, na chaji niliyoilipia ikaisha kabla sijaifaidi.

Basi niambie, kwa mzee yule teknolojia ni haja au tamaa? Hakuitamani hata kidogo. Aliikuta imesimama mlangoni kama askari.

Adam Smith, yule Mskoti aliyeandika juu ya utajiri wa mataifa mwaka 1776, aliwahi kulichambua jambo hili kwa kutumia shati la kitani. Alisema Wagiriki na Warumi waliishi vizuri tu bila kitani, lakini katika Ulaya ya siku zake hata kibarua wa kutwa angeona haya kutokea mbele za watu bila shati hilo, kwa hiyo akalihesabu miongoni mwa mahitaji. Yaani haja haipimwi kwa tumbo peke yake. Haya nayo ni kipimo. Tunamwelewa vizuri hapa Kasese. Siku hizi michango ya harusi na habari za misiba hupitia vikundi vya WhatsApp, na asiyekuwa humo husikia mazishi wakati wenzake wanarudi makaburini. Huyo akikopa anunue simu ya kupapasa, siwezi kumwita mlimbwende.

Ila kibarua wa Smith, akikosa shati, aliaibika tu, mkate alinunua. Mzee wa Bwera, akikosa simu, fomu hapati. Hapo tumemzidi Smith. Haya tumeiongezea kufuli, na mwenye ufunguo hayuko sokoni. Yuko ofisini.

Itazame serikali yetu. Machi 2018 Rais Museveni aliiandikia wizara ya fedha akilalamikia lugambo, yaani umbeya, wa kwenye mitandao ya kijamii, na akataka utozwe kodi. Tarehe 1 Julai mwaka huo kodi ikaanza: shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kuingia WhatsApp, Facebook au Twitter. Siku hiyohiyo ikaanza kodi ya asilimia 1 kwenye pesa za simu, ambayo baada ya kelele nyingi ilishushwa hadi nusu asilimia, kwa anayetoa pesa tu. Kodi ya lugambo ilifutwa Julai 2021, na mahali pake ikawekwa asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Kodi za namna hiyo ndizo wanazotozwa wavuta sigara na wanywa bia. Hesabu ya serikali ilikuwa wazi: simu ni anasa, anayeitaka ailipie.

Kisha ikaja Februari 2022, serikali hiyohiyo ikazindua Mpango wa Maendeleo wa Parishi. Shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parishi, na kila kaya inayopita mchujo ikopeshwe hadi milioni moja ya kufugia kuku, kulimia kahawa au kuchimbia bwawa la samaki. Na pesa zenyewe zikaja kutolewa kwa njia gani? Kwa pochi ya simu, ile Wendi ya benki iliyoitwa Posta wakati huo. Kilichokuwa lugambo kikawa mlango wa mkopo. Sipingi pochi ya simu; ukijua zamani pesa za wakulima zilivyokuwa zikipungua kutoka mkono hadi mkono kabla hazijapanda mlima, utaipenda. Ninachodai ni msimamo mmoja. Huwezi kukitoza kitu kodi ya anasa Jumatatu, na Jumanne ukakifanya sharti la kupata haki.

Haja nyingine hutungwa mbali zaidi ya Kampala. Milima ya Rwenzori inatoa arabika, na kahawa ya wakulima wadogo wa Bukonzo husafiri hadi Ulaya. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni kwamba kahawa, kakao na mazao mengine kadhaa hayataingia kwao ikiwa yametoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 2020, na kila shamba lionyeshwe mahali lilipo kwa nukta za ramani ya setilaiti. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini kanuni ipo. Kwa shamba lisilofika hekta nne, nukta moja yatosha, na mashamba mengi ya mlimani hayafiki hata hekta moja. Nukta moja tu. Lakini nukta haipigwi kwa kitochi. Bibi aliyerithi mibuni yake kwa mama mkwe, ambaye hajawahi kukata mti wa msitu maishani mwake, sasa anahitaji chombo kinachozungumza na setilaiti ili athibitishe jambo ambalo jirani zake wote wanalijua.

Je, anahitaji kukimiliki? Nadhani hapo ndipo tunapoteleza. Tumezoea kusema haja tukimaanisha kununua. Bibi anahitaji nukta ipigwe; mwenye chombo anaweza kuwa karani wa ushirika, anayepita siku moja, akapiga nukta za kijiji kizima, akaondoka. Haja ni kufikia, na kumiliki ni habari nyingine.

Uganda iliwahi kulijua hili. Mwaka 2003 MTN na wakfu wa Grameen, wakiiga mfano wa Bangladesh, walianzisha simu za kijiji: mtu mmoja anakopeshwa simu, antena ndefu na betri ya gari, naye anawauzia majirani dakika. Simu moja, kijiji kizima. Na mwaka huohuo, kwa taarifa yako, Nokia walitoa ile 1100, babu wa vitochi vyote, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Kitochi ambacho leo kijana wa kibandani anakishika kwa vidole viwili kilikuwa msala wa mwaka 2003. Watu walikivaa shingoni kwa kamba ili kionekane.

Lakini nisiusifu ushirika kupita kiasi. Simu ya kuazima haina siri. Muulize mwanamke yeyote wa soko la Mpondwe kwa nini ana laini yake mwenyewe, atakuambia kwa neno moja: PIN. Pesa za maharagwe zikiingia kwenye simu ya mume, zimeingia kwa mume. Mama wa raba ya bluu alipobonyeza nyota 165 reli aangalie salio, aligeuka, akatupa mgongo benchi zima, mimi nikiwemo. Ule mgongo ulikuwa mlango wa benki yake. Kwa hiyo simu, kwa maana ya laini yako na siri yako, naikubali kuwa haja ya kumilikiwa, tena haja ya mwanamke kabla ya mwanamume. Na angalia: inatimizwa na kitochi. Vibonye vya nyota na reli vinatosha. (Reli yenyewe, ile ya chuma iliyofika Kasese mwaka 1956, haina treni siku hizi. Reli inayofanya kazi mjini kwetu ni hiyo ya kwenye vibonye.)

Hebu nikae kidogo kwenye reli hiyo ya chuma, kwa sababu mimi ni mtoto wa Kasese na siwezi kuipita. Ililetwa kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Wakati huo hapakuwa na kitu kipya kuliko sisi: mgodi, umeme wa maji ya mto Mubuku, treni ya kupeleka shaba Jinja ikayeyushwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi ulinyamaza. Ukabaki mlima wa mabaki, na maji ya mvua yakiupitia yakawa tindikali, yakateremka hadi mbuga ya Malkia Elizabeth na kuacha ukanda wa ardhi ambayo nyasi zilikataa kuota. Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ikaanza kuyachekecha mabaki hayo kwa kutumia bakteria, ili itoe kobalti. Sisi tulioona moshi na malori hatukujua kobalti ni ya nini. Sasa tunajua: ni miongoni mwa madini ya betri za simu. Rundo liliisha baada ya miaka kumi na kitu, kiwanda kikafungwa. Siku hizi kobalti nyingi ya dunia inachimbwa Kongo, kusini kabisa kule Kolwezi, si kwa jirani zetu wa Beni. Nalisema hili kwa wale wanaodhani upya ni hewa, unashuka kutoka mawinguni na kupanda tena. Unachimbwa mahali, na mahali hapo kuna watu, na mgodi ukifungwa watu hubaki.

Lakini nisije nikaonekana mzee anayelaumu kila kipya. Kuna siku Bwera iliokolewa na kitu kipya kabisa.

Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, ng'ambo tu ya mto, na kabla haijakwisha mwaka 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200. Watu wetu na wa Kongo ni ndugu, lugha moja, mashamba pande zote mbili, na mbali na kivuko rasmi zipo njia za panya zisizohesabika. Kila mtu alijua ugonjwa utavuka. Swali lilikuwa lini. Novemba 2018 Uganda ikaanza kuwachanja wahudumu wa afya kabla hata mgonjwa mmoja hajaonekana. Wakachanjwa karibu 4,700. Chanjo yenyewe ilikuwa mpya kiasi kwamba Ulaya na Marekani ziliipa leseni mwishoni mwa mwaka uliofuata. Juni 2019 familia ikavuka na mtoto wa miaka mitano aliyekuwa mgonjwa. Hospitali ya Kagando wakamshuku, wakampeleka Bwera. Damu yake ikapelekwa maabara ya virusi Entebbe, na tarehe 11 Juni jibu likatoka. Mtoto alifariki, na bibi yake naye. Lakini ugonjwa haukusambaa upande wetu.

Hiyo ilikuwa teknolojia ya kisasa kuliko simu yoyote iliyowahi kuchajishwa Bwera, na ilikuwa haja isiyo na mjadala. Kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso pale mpakani, maabara inayojibu haraka, chanjo inayotunzwa kwenye baridi kali. Hakuna hata kimoja ambacho mtu wa Bwera alikimiliki. Nimejaribu kuorodhesha vitu vipya ambavyo kweli tukivikosa tunakufa, na kila ninachokiandika hakiingii mfukoni. Na kila kinachotangazwa barabarani kwamba bila hicho huishi kinaingia mfukoni vizuri sana.

Nadhani kijana wa kibandani angekubaliana nami nusu. Yeye simu yake ni ya kulipia kidogo kidogo: unatoa kianzio, kisha unalipa kila siku, na ukichelewa inajifunga yenyewe mkononi mwako, ikabaki kioo cheusi chenye ujumbe wa deni. Nilimwuliza kwa nini asingoje akusanye. Akasema akingoja, atakuwa amepata pesa na simu imeshakuwa ya zamani. Sikuwa na jibu. Anajua kwamba anakimbiza msala upitao, na anajua kwamba anayeubeba hasimami. Lakini ana miaka ishirini na mbili, na wenzake wote wanakimbia njia hiyohiyo. Simhukumu kwa ukali ninaopaswa kujihukumu mimi, ambaye nina umri wa kujua.

Ukali wangu nauhifadhi kwa mtu mwingine, yule karani, au tuseme mkubwa wake aliyetoa agizo. Simu mpya ya kijana ni tamaa ya kijana, anailipa mwenyewe. Tovuti ya ofisi ni tamaa ya ofisi, lakini anailipa mzee. Ofisi ilitaka ionekane ya kisasa, ikafunga dirisha, na gharama ya usasa wake ikahamishiwa kwenye benchi la kibanda cha kuchajisha simu: elfu tano za kijana wa printa, saa moja na nusu za mpita njia, baruapepe ya mtu asiye ndugu yake.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linahusu mbao na karatasi. Wakubwa wa ofisi za Kasese na za Bwera, endeleeni na tovuti zenu, ni nzuri, mimi nazitumia. Lakini rudisheni fomu dirishani na daftari mezani, na mwekeni mtu mmoja pale wa kumwandikia asiyeweza, bure. Kama hilo haliwezekani, basi wanunulieni wazee simu, tena muwalipie na chaji, shilingi 500 kwa kila safari.

Mpaka hapo mtakapofanya hivyo, mimi ndiye sanduku la posta la mzee yule. Jumanne iliyopita ujumbe wake uliingia kwenye simu yangu: ombi lake limepokelewa, lakini picha haionekani vizuri, atume nyingine ndani ya siku kumi na nne. Zimebaki siku kumi, na jirani yake hapokei simu.